Bibi Aliyebeba Kigoda Chake

Mkono wa Ng'washi bado uko pale pale tulipouacha, ndugu msomaji: juu ya plagi ya umeme, ndani ya banda la gemu la Mihayo, jirani na stendi ya Buzuruga.

Aliyechelewa kuungana nasi ajue haya tu. Ng'washi, binti wa Kisesa, alijifundisha mwenyewe kutengeneza michezo ya kompyuta, akatengeneza mmoja wa mashindano ya ngoma zetu za Kisukuma, makundi mawili: Bagika upande huu, Bagalu upande ule. Kesho asubuhi mgeni wa kampuni moja ya Dar es Salaam anakwenda Kisesa kuununua, kwa sharti kwamba usiwe umeshachezwa mahali popote. Na leo mchana Ng'washi ameukuta unachezwa Buzuruga, kwenye runinga zote za binamu yake, na watu wamejaa hadi dirishani.

"Chomoa," alisema Mihayo kutoka nyuma ya kreti zake za soda. "Chomoa tu, mtani. Halafu uwaeleze hawa mwenyewe."

Ng'washi aliwatazama hawa.

Walikuwepo makondakta waliokuwa na abiria wanaosubiri. Walikuwepo abiria waliochoka kusubiri, wakamfuata kondakta, nao wakanogewa. Alikuwepo mama muuza vitumbua aliyeacha mafuta yanachemka nje. Na mbele kabisa, pedi ya kuchezea gemu mkononi, alikuwepo Mzee Ngosha, ambaye ujanani aliongoza ngoma ya Bagalu akizungukwa na nungunungu, na ambaye sasa aliongoza Bagalu wa kwenye runinga akiwa ametoa ulimi nje.

"Binti," alisema mzee bila kugeuka, "ukigusa huo umeme, mimi na wewe tutakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Toa mkono."

Ng'washi aliutoa mkono. Mchumba wake Yeremia, aliyemleta kwa pikipiki kutoka Kisesa, alisimama nyuma yake akifuta jasho. Kumbuka hilo jasho, msomaji.

"Mihayo," alisema Ng'washi, "umeniibia."

Mihayo alicheka. Si kicheko cha ubaya. Alikuwa mtoto wa shangazi yake, na tangu wakiwa wadogo walikuwa wakitaniana mpaka wageni wakadhani wanagombana.

"Mtani haibi. Mtani anachukua. Siku ya matanga ya babu, nani alimchukua jogoo wangu akamchinja mbele ya macho yangu?"

"Mimi."

"Nilikushitaki?"

"Uliomba paja."

"Niliomba paja. Sasa leo nimechukua mimi, unaita wizi."

"Jogoo tulimla mimi na wewe, akaisha," alisema Ng'washi. "Sikumzidisha nikawagawia Buzuruga nzima."

"Ndiyo hapo." Mihayo aliegemea kreti kama wakili aliyesubiri swali hilo kwa wiki nzima. "Jogoo ulipomchukua, mimi nilibaki bila jogoo. Mchezo nimeuchukua, na wewe bado unao nyumbani, mzima, haujapungua hata unyoya. Sasa niambie, aliyeibiwa ni nani?"

"Jibu hilo," alisema kondakta mmoja.

Ng'washi alifungua mdomo. Jibu lilikuwepo, lakini lilikuja polepole.

"Kuna kitu kimoja siwezi kukipata tena," alisema. "Kesho. Kesho nilikuwa naonyesha kitu ambacho hakuna aliyekiona. Hicho umekichukua, na mimi sinacho."

Hata kondakta aliinamisha kichwa.

Lakini Mihayo alikuwa na la mwisho, na alilisema kwa upole. "Mtani, wewe ulijifunzia wapi?"

Mihayo alinyosha kidole pembeni.

"Kiti kile pale, chenye mguu mbovu. Ulikuwa unatoka shule unakaa pale. Michezo yote uliyocheza ilikuwa kopi. Programu uliyojifunzia kuchorea nilikupa mimi, kwenye flashi, nayo ilikuwa kopi. Waliotengeneza hawajui hata Mwanza iko wapi. Tungesubiri tununue halali, leo wewe ungekuwa unatengeneza nini?"

Hapo sisi wengine tungependa Ng'washi amjibu kwa kishindo. Hakumjibu, kwa sababu alichosema Mihayo kilikuwa kweli, na Ng'washi hakuwa na tabia ya kuisukuma kweli pembeni eti kwa sababu imetoka mdomo usiofaa.

Badala yake aliuliza swali dogo.

"Wamefika wapi?"

"Nani?"

"Wachezaji. Wako ngoma za vijijini, au wameshafika Bujora?"

"Tunaingia Bujora sasa hivi," alijibu Mzee Ngosha. "Siku ya Bulabo yenyewe, sikukuu ya ngoma. Nyamazeni."

Ng'washi alitabasamu. Akavuta kile kiti chenye mguu mbovu, akakaa.

"Mihayo, nipe soda," alisema. "Ya baridi."

Mihayo alimtazama kwa mashaka. Alimjua binamu yake. Ng'washi akiomba soda katikati ya ugomvi, kuna mtu atalia.

Na hapa msomaji anastahili kuambiwa siri ambayo Mihayo hakuijua.

Ng'washi aliufunga mchezo wake kwa kufuli. Si kufuli la kukudai namba ya siri. Kufuli kama hilo vijana wa stendi wanalivunja kabla chai haijapoa. Kila nakala aliifunga na kompyuta moja tu. Ukiihamishia kompyuta nyingine, inawaka vizuri, inapiga ngoma vizuri, inakupendeza kijiji hadi kijiji. Inakuacha ujisifu. Halafu unafika Bujora.

Kila Msukuma anajua Bulabo inavyoamuliwa. Hakuna jaji wala kikombe cha kupimia. Bagika wanapiga hapa, Bagalu wanapiga pale, kwa wakati mmoja, na watu wanatembea. Mwenye watu wengi mwisho wa siku ndiye mshindi. Unaweza kucheza na chatu shingoni. Watu wakigeuza mgongo umekwisha.

Mzee Ngosha alibonyeza pedi. Ngoma zililia. Watazamaji wadogo walijaa kwenye runinga, wanawake kwa wanaume, wakimzunguka mchezaji wake.

Katika mstari wa mbele kabisa, bibi kizee mmoja alisimama.

Alikunguta kitenge alichokuwa amekikalia. Akajifunga. Akainama, akaokota kigoda chake, akakitia kwapani. Kisha akaondoka.

"Anakwenda wapi huyu?" aliuliza Mzee Ngosha.

Akaondoka wa pili. Akaondoka mwanamke na mtoto mgongoni. Mzee alibonyeza kwa nguvu zaidi. Mchezaji wake akaruka, akabiringika, akamtoa nungunungu. Wakaondoka wengine kumi kwa mkupuo.

"Nungunungu wangu hajawahi kukimbiwa," alisema mzee. "Tangu nizaliwe."

Ng'washi hakutazama runinga. Alikuwa akimtazama Mihayo usoni, akinywa soda yake taratibu, na kila Mihayo alivyozidi kutoa macho ndivyo soda ilivyozidi utamu.

Ingawa, tuseme ukweli wote, hiyo haikuwa sababu pekee ya kutotazama. Kile kitenge cha bibi kilikuwa na rangi, na rangi hiyo ilikuwa na maana. Nakala aliyompa Yeremia, aliyerekodi ngoma zote za mchezo, kitenge chake ni chekundu. Nakala ya rafiki yake Getruda, aliyechora watu, ni cha bluu. Hakuna mwingine aliyewahi kupewa. Hao wawili hawakujua habari ya rangi. Macho yakipanda kwenye runinga, Ng'washi atamjua aliyemuuza, na Yeremia alikuwa amesimama nyuma yake, akitoa jasho.

Kwa hiyo alitazama soda.

Runinga ya pili ikaanza. Ya tatu. Kote bibi anasimama, anakunguta, anabeba kigoda, anaondoka. Uwanja wa Bujora ukabaki na mbwa mmoja, na mbwa naye akajikuna, akaenda zake.

Mzee Ngosha aliweka pedi chini.

"Hii si hitilafu," alisema. "Nimekaa ndani ya ngoma miaka mingi, naijua. Watu hawaondoki hivi bure. Mihayo, kuna mtu kakuzidi dawa."

"Mzee, ni kompyuta."

"Ndiyo, na dawa imo humo ndani ya kompyuta. Samba hiyo, dawa ya ngoma, ni kali ajabu. Mimi sikai kwenye uwanja uliofungwa." Akasimama. Akakunguta koti lake. Na bila kujua anachofanya, akaokota kigoda alichokuwa amekalia, akakitia kwapani, akaelekea mlangoni.

Banda zima lilimtazama. Kisha likatazama runinga. Kisha likamtazama tena.

Mama wa vitumbua ndiye aliyeanza kucheka.

Alicheka mpaka akamshika kondakta bega. Kondakta naye akashikwa na kicheko. "Mzee," alisema kwa shida, "rudi, basi, umesahau kujifunga kitenge." Sasa hapakuwa na wa kuzuia. Watu walilia machozi. Mtu alipiga vigelegele. Mzee Ngosha alisimama mlangoni na kigoda chake kwapani, akajitazama, na kwa kuwa alikuwa mzee mkweli kwa nafsi yake, akaanza kucheka yeye mwenyewe.

"Rudisheni," aliamuru. "Rudisheni nimwone bibi tena."

Msomaji, kufuli la Ng'washi lilitengenezwa kuwafukuza watu. Liliwaleta.

Habari ilivuka barabara kabla Ng'washi hajamaliza chupa. Walikuja wapiga debe, wakaja mafundi wa pikipiki, wakaja wanakwaya waliokuwa wanangoja gari la Magu, na sare zao. Mashindano mapya yalizuka hapo hapo: si nani atapata watu wengi, bali nani atamchelewesha bibi. Mmoja alijaribu kumpigia ngoma polepole, bibi akaondoka. Mwingine alimtoa chatu, bibi akaondoka mbio. Kila alipokunguta kitenge, banda zima lilikunguta naye. Wanakwaya walimtungia kibwagizo, wakakiimba kwa sauti nne.

Ng'washi alikaa katikati ya hayo yote kama mtu aliyetega panya akanasa harusi.

"Mtani," alisema Mihayo, akijifuta machozi, "nikuambie kitu, usikasirike. Hapa ndipo patamu kuliko mchezo mzima."

"Hiyo ni adhabu, Mihayo. Nilikuwa nakuadhibu."

"Basi niadhibu kila siku."

Ng'washi alijikaza. Akatazama dari. Kisha naye kicheko kikamponyoka, kirefu, cha puani, kile kile alichokuwa anachekea kwenye kiti hicho hicho akiwa na sare za shule. Kwa muda huo mfupi alisahau kesho, akasahau kitenge, akasahau jasho la Yeremia.

Ndipo mtu mmoja aliyekaa runinga ya mwisho, mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono, aliinua pedi juu.

"Nani ametengeneza huyu bibi?" aliuliza.

"Mimi," alisema Ng'washi.

"Wewe ndiye Ng'washi wa Kisesa?"

"Ndimi."

Mtu yule alisimama, akajipangusa makombo ya vitumbua kifuani. "Naitwa Gidion. Tulikuwa tuonane kesho."

Kicheko cha Ng'washi kilikufa.

"Nilishuka stendi asubuhi," alisema Gidion, "nikawa natafuta chai."

"Tangu asubuhi?" alidakia Mihayo. "Bosi, wewe ndiye umekalia runinga ya mwisho siku nzima. Nilikuomba umpishe mwenzio ukakataa."

"Nilikuwa nafanya utafiti."

"Ulikuwa unamtukana bibi."

"Utafiti una hatua zake," alisema Gidion, lakini masikio yalimwiva. Akamgeukia Ng'washi. "Dada, nitasema bila kuzunguka. Ule mchezo wa kwenye barua yako ni mzuri. Huu wenye bibi anayeondoka ni mzuri zaidi. Nautaka huu."

"Huu ni wa wizi."

"Basi nautaka wa wizi."

Kondakta alipiga makofi. Ng'washi hakujua acheke au akae chini, na alikuwa ameshakaa.

"Na lile sharti?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Kwamba usiwe umechezwa?"

Gidion aliangalia umati uliombana kila upande. "Hilo limekwenda na maji, na mimi mwenyewe nimelisukuma. Siwezi kukuhukumu kwa mchezo nilioucheza mimi." Uso ukawa wa kazi. "Ila kuna jingine. Bibi huyu atakwenda kwenye simu za watu nchi nzima. Siwezi kuweka sahihi na nyumba inayovuja. Niambie nani aliutoa mchezo nje, na uniambie hagusi tena kazi yako. Hapo tunaandikiana leo hii, juu ya kreti hizi. Usiponiambia, narudi zangu stendi."

Watu wote walimgeukia Mihayo.

Mihayo, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu mchana, alitikisa kichwa.

"Mimi nimechukua," alisema. "Nichomeni mimi. Aliyenipa simtaji."

"Mihayo," alisema Ng'washi, "unajua nitakachokosa?"

"Najua. Na ningekuwa na jogoo mia ningekulipa wote. Lakini mtu aliniamini, mtani. Ukinifundisha kumtaja yeye, kesho nitakutaja wewe."

Maneno hayo yalikuwa mazito, na Ng'washi aliyaheshimu. Wala hakuyahitaji. Jibu lilikuwa kwenye runinga, limekuwepo mchana kutwa, limekuwa likikunguta kitenge mbele ya Buzuruga yote.

"Kila nakala ina alama yake," alimwambia Gidion. "Kitenge cha bibi. Chekundu ni cha mchumba wangu. Cha bluu ni cha rafiki yangu."

Yeremia alikohoa. "Hukuniambia kuna alama."

"Hapana, sikukuambia."

"Ng'washi..."

"Kama si wewe, Yeremia, una wasiwasi gani?"

Ng'washi alimtazama mtu aliyempenda, akajaribu kuwaza kesho bila yeye, halafu kesho bila mkataba, na hakujua ipi iliuma zaidi. Hakutaka kumhukumu kwa jasho. Banda lilikuwa la moto. Hata wanakwaya walikuwa wanatoa jasho.

"Mzee Ngosha," alisema, "anzisha."

Mzee alishika pedi kwa mikono miwili. Hakuna aliyeimba sasa. Ngoma zililia, umati ukajaa, na bibi akawa amekaa mstari wa mbele juu ya kigoda chake, ametulia, kitenge kimefichwa chini yake.

Akasimama.

Kwa mara ya kwanza siku ile, Ng'washi alitazama.

Bibi alikunguta kitenge. Kilifunguka hewani, kipana, chote.

Kilikuwa cha njano.

"Njano?" aliuliza Gidion. "Njano ni ya nani?"

Ng'washi alishusha pumzi, akamshika Yeremia mkono, akaubana. Halafu pumzi ile ile ikamrudia kifuani ikiwa baridi. Njano haikuwa ya Yeremia. Haikuwa ya Getruda. Njano ilikuwa nakala yake mwenyewe, iliyoko kwenye kompyuta ya mezani, chumbani kwake, Kisesa. Hajawahi kumpa mtu. Na mchana anapokuwa kazini, nyumbani anabaki mama yake peke yake, Mama Tereza, ambaye kompyuta huifunika kitambaa cha kufuma ili isipate baridi.

"Hodi humu," ilisema sauti mlangoni.

Watu walipisha. Aliingia mwanamke mnene, kapu la michembe, viazi vilivyokaushwa, kichwani, akitweta.

"Mihayo mwanangu, gari lilichelewa, eti dereva yuko ndani anacheza. Nimekuletea." Alitua kapu, akaanza kufungua fundo kwenye pindo la kanga yake. "Ile sehemu ya pili hii hapa."

Akatoa flashi.

Hapo ndipo alipomwona bintiye. "Aa," alisema Mama Tereza. "Na wewe upo."

Tatizo, msomaji, ni kwamba Ng'washi hakuwa ametengeneza sehemu ya pili. Hakuwa ameiwaza hata.

Hakuna aliyejua nani aliipokea flashi. Ilipita mkono kwa mkono juu ya vichwa kama mtoto mchanga kwenye ubatizo, ikafika kwa Mihayo, akaichomeka. Runinga iliwaka. Uwanja wa Bujora ulikuwa mtupu. Kisha kwa mbali, kutoka upande wa Kisesa, ngoma moja ililia, ngoma ambayo Ng'washi hakuwahi kuisikia kwenye rekodi za Yeremia. Na barabarani akatokea bibi wa kitenge cha njano, kigoda kwapani, anarudi. Anarudi akicheza. Nyuma yake watu wote walioondoka, na mbwa.

Banda lililipuka. Mzee Ngosha alibusu pedi.

"Mayu," Ng'washi alimwita mama yake, na sauti yake ilisikika kwa shida ndani ya vigelegele, "nani amefanya hii?"

Mama Tereza alilifunga tena fundo la kanga, polepole, kama mtu anayetafuta muda.

"Kaa kwanza, mwanangu," alisema. "Na mchumba wako naye akae."

Ng'washi aligeuka. Mkono aliokuwa ameubana haukuwepo tena mkononi mwake.

Yeremia alikuwa ameshafika mlangoni.